Jina la Pap Onditi kwenye ubao wa futi nane

Chukua ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, ulaze, na uandike PAP ONDITI kwa herufi kubwa. Ukiacha pambizo, unabaki na takriban sentimita 220 za kugawana kati ya herufi tisa na nafasi moja, yaani sentimita 22 kila moja. Herufi za kawaida, pamoja na mwanya wake, huchukua upana wa kama robo tatu ya kimo. Maana yake kimo chako kinaishia sentimita 29, na sehemu kubwa ya ubao inabaki tupu. Zibane mpaka upana uwe asilimia 40 ya kimo, nazo zinapanda hadi sentimita 55. Kwa dereva anayepita Pap Onditi akitoka Katito kuelekea Kendu Bay, hiyo ni tofauti kubwa, mradi herufi zenyewe hazijazibika ndani.

Kuzibika huko ndiko kunakomtenganisha mchoraji stadi na mwingine. Jina hili ni mtihani mzuri sana. Lina I mbili, na I iliyobanwa bila serifu, yaani vijistari vya kumalizia ncha, ni fimbo tupu. Ukiipa serifu nene za mraba juu na chini, inapata mwili na kushika nafasi yake mstarini. Lakini serifu hizo hizo huleta ugomvi pale T inapokutana na I: mkono wa T unakaribia kugusana na serifu ya juu ya jirani yake. Fundi hufupisha mkono au huongeza mwanya hapo tu. Kwenye A, serifu za miguu zinazoelekea ndani hupunguzwa, la sivyo zinaungana na kuifunga herufi chini. O na D zinatofautiana kwa pembe za kushoto peke yake. Pembe hizo zikilegezwa, ONDITI inaanza kusomeka vingine.

Sura hii ya herufi ilizaliwa na matangazo. Vincent Figgins wa London alizionyesha herufi zenye serifu za mraba katika miaka ya 1810, wakati wachapaji walipohitaji maandishi ya kupiga kelele ukutani. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kutengeneza herufi za mbao kwa mashine. Hapo ndipo ubanaji ulipopamba moto, kwa kuwa herufi kubwa za risasi zilikuwa nzito na ghali, na mbao ni nyepesi. Mwaka 1834 William Leavenworth akaleta pantografu, chombo cha kunakili umbo kutoka kwenye kielelezo, na aina za upana zikaongezeka. Mchapaji aliyekuwa na neno refu na karatasi nyembamba alichagua tu herufi za upana uliomfaa.

Leo warithi wawili wa ukoo huo wanapatikana kwenye kompyuta nyingi za cyber, kwa sababu kwa miaka mingi walikuja pamoja na Microsoft Office. Wa kwanza ni Rockwell Condensed, wa familia ya Rockwell iliyotolewa na Monotype mwaka 1934. Unene wa nguzo, yaani mistari ya wima, na wa serifu zake unakaribiana, kwa hiyo mstari unatulia na jicho linapita. Wa pili ni Playbill, aliyechorwa na Robert Harling kwa ajili ya Stephenson Blake wa Sheffield mwaka 1938. Huyu amegeuza mambo: serifu ni nene kuliko nguzo, hata mstari mzima unaonekana kama mikanda miwili myeusi, mmoja juu, mmoja chini. Kwa neno moja fupi la kichwa, unapendeza. Kwa jina la marehemu, watoto wake na ratiba ya mazishi, ni kuwatesa waombolezaji.

Kiswahili kina mzigo wake hapa. Maneno yetu ni marefu, na M na W hazituachi: MKUTANO WA HADHARA, MWALIMU, WANANCHI. Hizo ndizo herufi mbili ngumu kuliko zote kubana, maana zina mistari minne kwenye upana uliokusudiwa miwili. Mchoraji mwangalifu huziacha ziwe pana kidogo kuliko herufi nyingine na hukondesha mistari ya ndani. Asiyejali huzilazimisha zilingane, na W inageuka doa.

Kibaya zaidi ni kukamata fonti ya kawaida kwa kipanya na kuiminya kutoka ubavuni. Nguzo zinakonda, mistari ya kulala inabaki na unene wake, na unapata Playbill bandia ambayo hakuna aliyeisawazisha. Fonti iliyobuniwa nyembamba tangu mwanzo imerudishiwa unene wa nguzo herufi kwa herufi. Kuminya hakufanyi kazi hiyo.

Tarakimu ndizo ninazozitetea kwa nguvu zote. Kwenye bango la harambee kuna nambari ya M-Pesa, na katika fonti zenye serifu nene zilizobanwa, 3, 6, 8 na 9 hujaa weusi na kufanana. Mtu anayesoma kwa simu mkononi, jioni, nje ya duka, anaweza kutuma mchango kwa mgeni. Kichwa cha habari kibane upendavyo. Nambari iandike kwa fonti ya upana wa kawaida, uigawe kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, na kama nafasi haitoshi, punguza kichwa.