Bao Linafundisha Hesabu? Ndiyo, Ila Siyo Peke Yake

Nina binamu yangu wa darasa la sita ambaye siku za gulio humsaidia mama yake kuuza ndizi Omurushaka. Siku moja mteja alichukua mikungu saba, kila mmoja shilingi 4,500. Binti hakushika kalamu. "Miwili elfu tisa, sita elfu ishirini na saba, na huu mmoja... thelathini na moja mia tano." Pesa ikahesabiwa, mteja akaondoka.

Jioni nikamwandikia daftarini: 4,500 × 7. Akapanga namba vizuri, akazidisha, akasahau ile tatu aliyoibeba. Jibu: 28,500. Nikamkumbusha ya mchana. Akacheka. "Dada, ile ya sokoni siyo hesabu, ni kuuza tu."

Kumbuka hilo jibu, kwa sababu siku hizi ukiongea na walimu wa Karagwe na Kyerwa kuhusu hesabu za kichwa utasikia dawa moja: michezo. Leteni bao, leteni karata, leteni ludo, watoto wataacha kuogopa hesabu. Mimi napenda michezo, na bao nalicheza (vibaya). Lakini dawa hii inatolewa bila kipimo, na nadhani tunawadanganya watoto kidogo.

Tuanze na kosa jepesi. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja huku kwetu, shule sitaitaja, kipindi cha "hesabu kwa michezo". Watoto walicheza drafti kwa vizibo vya soda kwa dakika arobaini. Walifurahi kweli. Sasa niambie, namba iko wapi kwenye drafti? Kuna kufikiri, kuna mitego, kuna kuona mbele. Kujumlisha hakuna. Mchezo kuwa wa akili hakuufanyi kuwa wa hesabu.

Bao ni habari nyingine. Sisi tunaoishi kati ya Uganda na Rwanda tumezungukwa nalo: wao wana omweso kule, igisoro huku, na yote mawili, kama bao letu, yana safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16, na kete huzunguka humo humo kwake. Chukua shimo la 14 lenye kete tano. Ya mwisho itaangukia wapi? 14 jumlisha 5 ni 19, toa 16, shimo la 3. Hiyo ni hesabu ya mzunguko, ile ile ya saa ya ukutani. Na ikiangukia penye kete unazoa na kuendelea, kwa hiyo anayetaka kujua mwisho wa safari lazima abebe kichwani mashimo yanayobadilika kila hatua. Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990, na kitabu chake cha 1995 kinahusu hasa hilo: akili ya mchezaji inaweza kubeba mpaka wapi.

Kwa hiyo hesabu imo. Tatizo ni kwamba mchezaji hahitaji kuitamka. Jicho lake linaona "hii inafika pale", mkono unakwenda. Namba 19 haikupita kichwani hata kidogo. Na kile ambacho hakikupita kama namba hakitafika daftarini kama namba.

Hili siyo wazo langu tu. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Delhi, India: shule za awali 214, watoto 1,540 wa wastani wa miaka mitano, miezi minne ya michezo ya kukadiria idadi na maumbo. Uwezo wao wa kukadiria ulipanda na ukadumu zaidi ya mwaka. Walipofika shule ya msingi, hesabu za darasani hazikuwa bora kuliko za wenzao ambao hawakucheza. Ramani na Siegler nao, huko Marekani, walikuta michezo mifupi ya ubao wenye namba 1 mpaka 10 inawasaidia watoto wadogo, lakini ubao uwe wa mstari na mtoto atamke namba anapopita. Ubao wa mduara haukuwasaidia hivyo, na wa rangi bila namba pia haukuwasaidia. Hao ni watoto wa miaka minne na mitano, siyo wa darasa la sita, kwa hiyo tusihamishe matokeo mzima mzima. Swali wanalotuachia ndilo la maana: mchezo huu unamlazimisha mtoto kufanya nini na namba?

Na binamu yangu? Yeye hayuko peke yake. Mwaka 1985 watafiti wa Recife, Brazil, waliwafuata watoto watano wauzaji wa barabarani. Wakiwa kazini walipata zaidi ya asilimia 98 ya maswali. Hesabu hizo hizo zikiandikwa kavu kwenye karatasi, asilimia 37 hivi. Mwaka 2025 jarida la Nature likaonyesha jambo hilo kwa watoto zaidi ya elfu moja wa masoko ya Kolkata na Delhi, na likaongeza upande wa pili: wanafunzi wazuri wa hesabu za darasani walishindwa hesabu za sokoni. Njia imekatika pande zote mbili.

Sasa utasema, kama sokoni anapata, daftari la nini? Fikiria kahawa. Mkoa wetu unaijua butura, mkulima anauza kahawa ingali mtini kwa bei ya shida. Kilo, deni, makato, bei, vyote vinaandikwa kwenye karatasi, na mara nyingi anayeandika ni mwingine. Kichwa kikisema 31,500 na karatasi ikasema 28,500, mtu anayeamini kwamba ya kichwani "ni kuuza tu" ataiamini karatasi. Elfu tatu imekwenda.

Kwa hiyo mwalimu, usitupe bao. Liongezee sheria tatu. Kwanza, kabla ya kugusa kete mchezaji ataje kwa sauti shimo la mwisho la mzunguko wa kwanza. Akikosea, anapoteza zamu. Mpinzani ndiye msahihishaji, na atasahihisha kwa wivu, kwa hiyo hata darasa la watoto tisini linajisimamia. Pili, baada ya kila zamu aandike sentensi yake: 14 + 5 − 16 = 3. Tatu, mwisho wa mchezo kete zigeuke mali: kila kete kilo moja ya maharage, bei itajwe, jibu litafutwe kichwani kwanza, halafu kwenye karatasi, na yakipishana mtoto aseme lipi ni kosa na kwa nini. Vifaa ni mashimo ardhini na maharage 64. Dakika kumi na tano zinatosha kuanza.

Mchezo utapungua utamu kidogo, sikatai. Nilipoujaribu na binamu yangu alilalamika kwamba nimemharibia bao. Zamu ya nne alitaja shimo sahihi. Ya tano akanikamata mimi nimekosea, akanipokonya zamu, akaandika hesabu yangu ilivyopaswa kuwa. Sijafanya utafiti hapo, ni watu wawili kwenye kibaraza. Ila ukiwa na darasa, jaribu wiki mbili, na upime kwa daftari, siyo kwa vicheko.