Jukwaa kama Njia ya Kusoma: Tathmini ya Ukumbi wa Majaribio wa Chuo cha Vassar

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi andishi ya Kiswahili, tamthiliya huhesabiwa kuwa mojawapo ya tanzu tatu kuu, sambamba na riwaya na ushairi. Hata hivyo, namna inavyosomwa madarasani haitofautiani sana na namna riwaya inavyosomwa: dhamira huorodheshwa, wahusika huainishwa, tamathali hutajwa, na kitabu hufungwa. Kwamba matini hiyo iliandikwa ili isemwe na watu mbele ya watu wengine ni jambo linalotajwa katika fasili ya utanzu na kusahaulika katika uchambuzi wake.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia mfano wa mbali. Mfano huo ni Ukumbi wa Majaribio wa Chuo cha Vassar, kilichopo Poughkeepsie katika jimbo la New York, Marekani, hususan kati ya mwaka 1925 na 1935. Hoja inayojengwa ina pande mbili. Kwanza, kuigiza ni njia ya kusoma, wala si pambo linaloongezwa baada ya usomaji kukamilika. Pili, chuo kinachoilinda njia hiyo huiwekea pia mpaka, na uhakiki hauna budi kuutazama mpaka huo bila kuuonea haya.

2.0 Matini Moja, Maonesho Matatu

Vassar kilianzishwa mwaka 1861 kwa ajili ya wanawake, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1969 kilipoanza kupokea wanaume. Ni chuo cha sanaa huria: mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma fasihi, historia, sayansi na falsafa kwa upana, bila kuandaliwa kwa ajili ya kazi moja mahususi. Chuo cha namna hiyo hakina wajibu wa kuzalisha waigizaji wa kulipwa. Kwa hiyo, sanaa za maonesho zinapopewa nafasi humo, swali huzuka mara moja: zinafundisha nini ambacho somo la fasihi halifundishi?

Hallie Flanagan, aliyeanza kufundisha Vassar mwaka 1925, alilijibu swali hilo kwa vitendo. Yeye mwenyewe alikuwa mhitimu wa Grinnell, chuo kingine cha sanaa huria, na alikuwa amepitia warsha ya utunzi wa tamthiliya ya George Pierce Baker katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1926 alipata ufadhili wa Guggenheim uliomwezesha kuchunguza maonesho ya Ulaya, yakiwemo ya Urusi ya Kisovieti. Aliporejea, mwaka 1927, aliongoza onesho la tamthiliya fupi ya Anton Chekhov kuhusu posa inayogeuka ugomvi. Tamthiliya hiyo ilichezwa mara tatu katika jioni moja: kwanza kwa mtindo wa uhalisia, pili kwa mtindo wa udhihirishaji unaokuza hali ya ndani ya mhusika, na tatu kwa mtindo wa konstraktivizimu, ambao huubebesha mwili wa mwigizaji kazi kubwa kuliko mandhari.

Njama ya tamthiliya hiyo ni nyepesi. Lomov anakwenda kwa jirani yake kumposa Natalya. Kabla posa haijatamkwa, wawili hao wanagombania kiwanja cha malisho, kisha wanagombania ubora wa mbwa wao. Mhakiki anayeisoma kitabuni anaweza kutosheka kusema kuwa dhamira yake ni kejeli dhidi ya tabaka la wamiliki ardhi. Kauli hiyo si ya uongo, ila haielezi kwa nini usemi uleule unaweza kuwa kichekesho katika onesho moja na kuwa kielelezo cha hofu katika jingine. Kwa mkabala wa kiisimu, kilichobadilika katika maonesho hayo matatu si semantiki ya sentensi bali pragmatiki yake: kiimbo, kasi, ukimya kati ya zamu za usemaji, na umbali wa msemaji kutoka kwa msemeshwa. Vyote hivyo ni sehemu ya maana, na kwa kiasi kikubwa havimo katika maandishi.

Miaka sita baadaye jambo hilo lilijitokeza kwa namna nyingine. Mwezi Mei 1933, Vassar kilionesha kwa mara ya kwanza Sweeney Agonistes, kazi ya T. S. Eliot ambayo ilikuwa imechapishwa ikiwa vipande visivyokamilika. Mshairi huyo alimwandikia Flanagan barua yenye mapendekezo ya uigizaji, yakiwemo matumizi ya midundo ya ngoma, na alihudhuria onesho. Kazi ambayo msomaji angeweza kuiona kama shairi lililokatika ilipata jukwaani umbo la mazungumzo yanayosukumwa na mapigo. Hapa onesho halikuwa tafsiri ya pili ya matini iliyokwisha kueleweka. Lilikuwa hatua ya lazima katika kuielewa.

3.0 Sauti za Nani?

Mafanikio hayo yasifunike kazi iliyo nzito zaidi kuihakiki. Mwezi Mei 1931, Ukumbi wa Majaribio ulionesha Can You Hear Their Voices?, tamthiliya iliyoandikwa na Flanagan pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Margaret Ellen Clifford, kutokana na hadithi fupi ya Whittaker Chambers iliyochapishwa mwaka huohuo. Kiini cha hadithi ni ukame uliowakumba wakulima wa Arkansas. Tamthiliya inakwenda na kurudi kati ya wakulima wenye njaa na nyumba ya mbunge mjini Washington, ambako dansi ya gharama kubwa inaandaliwa ili kumtambulisha binti yake kwa watu wa tabaka lake. Takwimu na habari za wakati huo zilioneshwa kwenye skrini.

Nguvu ya muundo huo haimo katika ulinganishi wenyewe, maana kumweka tajiri kando ya maskini ni mbinu kongwe. Nguvu yake imo katika uhusiano wa jukwaa na hadhira. Wanafunzi wengi wa Vassar wa enzi hiyo walitoka katika familia zenye nafasi. Waliwafahamu wacheza dansi wa Washington kwa karibu kuliko walivyowafahamu wakulima wa Arkansas. Kwa hiyo swali lililo katika anwani halikuelekezwa kwa serikali peke yake. Liliwaelekea waliokaa ukumbini, na pia waliosimama jukwaani.

Hata hivyo, swali hilo linamrudia mwulizaji. Wakulima hao hawakusikika, walisemewa. Njaa yao iliandikwa, ikafanyiwa mazoezi na ikatamkwa chuoni, mbali na mashamba yao. Mtu anaweza kutetea kwamba uigizaji wote ni kumsemea mwingine, na utetezi huo una uzito. Lakini tamthiliya inayojenga mamlaka yake juu ya usikivu inapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho, na kwa kipimo hicho inafaulu nusu. Inamfundisha aliyeshiba kwamba yupo mtu asiyemsikia. Haimfikishi mtu huyo ukumbini.

4.0 Nje ya Ukuta wa Chuo

Flanagan mwenyewe alipata fursa ya kuuvuka mpaka huo. Mwaka 1935 aliteuliwa kuongoza Mradi wa Shirikisho wa Sanaa za Maonesho, ulioanzishwa na serikali ya Marekani ili kuwapa kazi wasanii waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi. Katika kilele chake, mradi huo uliajiri watu zaidi ya 12,000. Mbinu za Vassar, yaani matumizi ya habari halisi, skrini na matukio mafupi yanayokatizana, zilionekana tena katika maonesho yaliyoitwa magazeti hai, yakiwemo yale kuhusu kilimo, umeme na makazi.

Kilichovumiliwa chuoni hakikuvumiliwa nje. Mwezi Desemba 1938 Flanagan alihojiwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyoongozwa na Martin Dies, ambako mjumbe mmoja aliuliza iwapo Marlowe, mtunzi wa tamthiliya aliyefariki mwaka 1593, alikuwa mkomunisti. Bunge lilikata fedha, na mradi ukafungwa tarehe 30 Juni 1939.

Wasomaji wa fasihi ya Afrika Mashariki wanalifahamu tukio linalokaribiana na hilo. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoandika, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, tamthiliya ya Kigĩkũyũ iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977. Kibali cha maonesho kiliondolewa, na kabla mwaka haujakwisha Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Mazingira ya kisiasa ya nchi hizo mbili hayafanani, wala adhabu hazilingani. Linalofanana ni hili: sehemu ya uhuru wa jukwaa la chuo hutokana na udogo wa athari yake. Chuo huachwa kisema kwa kuwa kinasikika na wachache.

5.0 Hitimisho: Kurudi kwa Kinjeketile

Sanaa za maonesho zilianza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967. Miaka miwili baadaye ilichapishwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya inayochota historia ya Vita vya Majimaji na iliyokulia katika mazingira ya chuo hicho. Ni kazi iliyohakikiwa mno, na mara nyingi imehakikiwa kama kitabu. Mwishoni mwake Kinjeketile anatakiwa aseme kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Je, anakataa kwa imani, kwa hesabu ya kisiasa, au kwa kuwa neno limekwisha kumpita nguvu? Uchambuzi wa dhamira huchagua jibu moja na kulitetea. Darasa linaloigiza onyesho hilo mara tatu, kwa viimbo vitatu na vituo vitatu vya kimya, hugundua kwamba matini inayabeba majibu yote, na kwamba kila jibu linadai ushahidi wake kutoka katika matukio yaliyotangulia.

Zoezi hilo halihitaji ukumbi wala taa. Linahitaji saa mbili, chumba, na mhadhiri aliye tayari kuona fasiri yake ikipingwa na sauti ya mwanafunzi. Vassar hakitoi kielelezo cha kuigwa chote, kwa kuwa udhaifu wa mwaka 1931 ni sehemu ya urithi wake. Kinatoa ushahidi kwamba kusoma na kutenda vikitenganishwa, kinachopungua kwanza ni usomaji wenyewe. Idara za Kiswahili zinazotahini tamthiliya kila mwaka bila mwanafunzi kutamka hata zamu moja ya usemaji zinatahini kitu kingine, na ni haki ya mwanafunzi kuambiwa hivyo.