Bōzen: Umbo la Neno la Butwaa

Kijapani kina maneno kadhaa ya mtu aliyepigwa na butwaa. Usemi "akke ni torareru" uko katika kauli ya kutendwa: mshangao umemtwaa mtu, kama sisi tunavyoshikwa na bumbuazi. "Bōzen" halimtaji mtwaaji yeyote, na ndiyo sababu naliona zito zaidi.

Uzito huo umo katika kipande cha pili, "zen". Hicho huunda hali: totsuzen ni ghafla, gūzen ni kwa bahati, shizen ni maumbile, kitu kilivyo chenyewe. Mwenye bōzen hatendi wala hatendwi; yumo tu katika hali hiyo. Sauti nayo inachangia. Sikio la Mjapani huhesabu mapigo manne, bo-o-ze-n, kwa kuwa irabu ndefu hula mapigo mawili na n ya mwisho ina pigo lake. Neno linakawia mdomoni.

Katika maandishi, "bō" ina herufi mbili. Ya kwanza, 呆, leo inaonekana kama alama ya mdomo iliyokaa juu ya alama ya mti. Chimbuko lake si hilo, lakini mdomo ndio jicho linaouona kwanza. Ya pili, 茫, ina majani juu, maji kushoto, na kulia alama ya kutoweka. Husemwa kwa upana usio na mpaka, kama wa bahari. Mwandishi akichagua hii, mshangao unatoka usoni mwa mtu na kuenea mbele yake hadi asione pa kushika. Ndiyo iliyozoeleka katika "bōzen jishitsu", kuduwaa hadi kujipoteza, usemi wa herufi nne wenye asili ya Kichina. Katika kitabu cha kale cha Liezi, anayepatwa na hali hiyo ni Zigong, mwanafunzi wa Confucius.

Lakini uzuri wote wa neno hili hujitokeza linapopewa kitenzi chake cha kawaida: "bōzen to tachitsukusu". Tatsu ni kusimama. Tsukusu ni kumaliza kabisa. Mtu anasimama hadi kusimama kwenyewe kunakwisha. Na tsukusu ndicho kitenzi cha anayetoa nguvu zake zote kwa jambo fulani. Hapa kitenzi hicho amepewa mtu asiyeweza kuinua hata mguu.