Tukakoma ya nyumbani, tukakoma ya darasani

Katika Kihaya cha Bukoba na Muleba, kukoma ni kufunga kwa kamba. Tukakoma maana yake "tulifunga", wala si leo au jana, bali siku za nyuma zaidi. Katika Kiswahili, tukakoma ni "nasi tukaacha". Herufi ni zilezile. Mtoto wa Kamachumu anayeingia darasa la awali ameizoea ile ya kwanza, pamoja na wimbo wake.

Wimbo huo si pambo. Kihaya ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kumo ndani ya neno, na huweza kugeuza maana. Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman waliihariri kazi nzima juu ya muundo wa lugha hii mwaka 1977. Kiswahili sanifu hakina toni. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama baRAbara, yaani sawasawa, tofauti na baraBAra ipitayo magari. Kiimbo ni cha sentensi: "Mmekula" na "Mmekula?" hutenganishwa na sauti tu, mwalimu asipotanguliza "je".

Je, lafudhi ngeni humzuia mtoto kutambua neno analolijua? Mwaka 2009 Catherine Best na wenzake waliwapima watoto wa Marekani. Mtoto alipotazama skrini, maneno yalisikika, alipogeuka, yalikatika. Muda wa kutazama ulionyesha anachopenda kusikiliza. Wa miezi 15 walipendelea maneno waliyoyazoea yakitamkwa kwa lafudhi ya kwao tu. Kwa lafudhi ya Jamaika upendeleo huo haukuonekana. Wa miezi 19 waliyapendelea kwa lafudhi zote mbili.

Mwanafunzi wa awali ameshaivuka hatua hiyo katika lugha ya mama. Katika Kiswahili, huenda ndiyo kwanza anaianza, na mwalimu wake pengine ametoka mkoa mwingine. Kumpima kwa maswali siku ya kwanza ni kumwonea.

Mwaka 2011 Katherine White na Richard Aslin walionyesha kwamba watoto wa miezi 19 huzoea matamshi mageni upesi, wakisikia maneno wanayoyajua huku wakiona picha zake. Muleba picha si lazima: mwalimu aushike mkungu wa ndizi, ebitoke za nyumbani, na kusema polepole, "Hizi ni ndizi." Kisha, "Je, hizi ni ndizi?"