Jinsi ya Kuitambua Pakiti ya Karata Iliyopakwa Poda Vizuri

Mwanamazingaombwe anapozifungua karata 52 mkononi zikawa pepeo la duara, watazamaji huvutiwa na rangi zake. Anayeijua kazi hutazama nafasi kati ya karata na karata. Nafasi hizo zikilingana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na alama ya kila pembe ikasomeka, ujue pakiti hiyo imepakwa poda na mtu mwenye subira. Ukiona karata tatu nne zimeshikana mahali, na mbele yake pengo, hata vidole vya bingwa haviwezi kuificha kasoro hiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba sifa ya kwanza ya pakiti iliyopakwa ni usawa. Utelezi unakuja nyuma yake, tena kwa kiasi.

Tuanze na poda yenyewe, maana hapo ndipo wengi hupotea. Wanaofanya kazi hii jukwaani hutumia zinki stearati, unga mweupe laini sana unaotokana na zinki na asidi ya mafuta. Viwandani hutumika kuzuia mpira na plastiki visigande kwenye kalibu, na kazi inayofanya kwenye karata ni hiyohiyo: inaacha utando mwembamba ambao haupendi kushikana na kitu. Tena haiyeyuki katika maji wala hailowi. Mkono wa mchezaji hutoka jasho, hasa chini ya taa za jukwaa, na poda inayolowa hugeuka ujiujiuji juu ya karata kabla onyesho halijafika katikati.

Kuijaribu ni rahisi. Nyunyiza poda kidogo juu ya maji kwenye glasi. Zinki stearati itakaa juu, kavu. Wanga wa mahindi, ambao ndio uliomo katika poda nyingi za watoto siku hizi, utalowa na kuanza kuzama. Talki nayo huweza kuelea, kwa hiyo usiridhike na maji peke yake. Soma kibandiko, kisha isugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Poda nzuri huhisika kama hariri, haina mchanga hata kidogo, wala haina manukato. Poda ya keram iache kwenye ubao wake: mara nyingi ni asidi ya boriki, imekusudiwa kete za keram ziteleze juu ya mbao, na haifai karata ambazo utazishika saa nzima na pengine kujigusa mdomo.

Baada ya poda, zitazame karata. Poda haiwezi kuokoa karata mbovu. Karata nzuri za karatasi hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizogundishwa, na nyingi hupigwa chapa ya vibonyeo vidogo sana usoni na mgongoni. Karata za Bicycle, ambazo zimekuwa zikichapwa Marekani tangu 1885, ni mfano unaojulikana na wengi. Vibonyeo hivyo huweka hewa kati ya karata mbili, zisigusane uso mzima. Pakiti mpya ya aina hiyo hufunguka vizuri bila poda yoyote. Ikichezewa, mafuta ya ngozi, vumbi na unyevu hujaa katika vibonyeo, hewa ikakosa pa kukaa, karata zikaanza kwenda mbilimbili. Hapo ndipo poda ina kazi ya kweli. Karata zenye uso laini usio na vibonyeo huihitaji poda mapema zaidi, na wachezaji wa jukwaani wengi huzipenda hizo kwa sababu utelezi wote unakuwa mikononi mwao, wanauamua wenyewe. Za plastiki tupu sioni sababu ya kuzipaka.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine. Mombasa, Tanga, Unguja, karatasi hunywa unyevu wa hewa, na karata huvimba au kupinda. Iweke pakiti juu ya meza tambarare, uitazame kwa ubavu usawa wa macho. Ikiwa katikati imeinuka au pembe zimenyanyuka, usiipake. Karata iliyopinda hugusana na mwenzake mahali pamoja tu, na poda itazidisha kutolingana. Inyooshe kwanza chini ya kitu kizito, mahali pakavu.

Sasa tazama namna ilivyopakwa. Mpakaji mzuri huanza na karata safi: hupangusa kila moja kwa kitambaa kikavu, kwani poda ikipakwa juu ya uchafu huufungia uchafu humo. Kisha huchovya pamba laini, huikung'uta, na kuipitisha usoni na mgongoni, kutoka katikati kwenda pembeni. Kijiko kimoja cha chai ni kingi mno kwa pakiti nzima. Halafu hupangusa tena kila karata kwa kitambaa safi, na hatua hii ndiyo inayomtofautisha fundi na mwenye pupa. Wapo wanaotia karata na poda ndani ya mfuko na kuutikisa. Njia hiyo ni ya haraka, na inaweza kutoa matokeo mazuri kwa mtu anayepangusa vizuri baadaye, lakini asiyepangusa anatoka na pakiti inayofuka vumbi.

Alama za uzembe zinaonekana kwa macho. Chukua shupaza na pau, hasa zile za picha na ree ya shupaza, uziinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya wino mweusi poda iliyozidi huonekana kama ukungu wa kijivu, na wakati mwingine utaona hata njia pamba ilikopita. Kisha pitisha kitambaa cheusi kwenye kingo nne za pakiti. Kikitoka na mstari mweupe, poda imejikusanya kingoni, na kila pepeo litakalofunguliwa litamwaga chembe juu ya koti la mchezaji.

Mahali ninapopakagua kwa makini kuliko pengine pote ni pembe ya chini, ile inayokaa chini ya dole gumba pepeo linapofunguliwa. Karata zote huzungukia hapo. Pembe za juu zinatawanyika na kuachana, lakini za chini zinabaki zimelaliana, zimebanwa, na jasho la kidole liko hapohapo. Mpakaji mvivu hupaka katikati ya karata, palipo papana na pepesi kufikika, akaziacha pembe. Pakiti yake itateleza vizuri ukiisukuma mezani, lakini mkononi itakwama.

Kwa hiyo usimpime mpakaji kwa pepeo moja. Fungua pepeo nyuso zikikutazama, ufunge. Igeuze pakiti juu chini, ufungue tena. Kisha fanya hivyo migongo ikikutazama. Pakiti iliyopakwa kwa haki hufunguka namna moja kwa njia zote nne. Ikifunguka vizuri upande mmoja na kukwama ulipoigeuza, poda imelala ncha moja. Jaribu pia kuzitandaza karata mezani kwa mstari mrefu kwa mkono mmoja, juu ya kitambaa: mstari uliolingana bila vishada ni ushahidi mzuri, ingawa meza ina huruma kuliko mkono.

Baada ya hapo pima ziada. Ishike pakiti ikiwa imefungwa, kwa vidole viwili, uiinamishe polepole. Nzuri itatulia. Iliyozidi itaanza kumwaga karata za juu kabla hujaiinamisha nusu. Wapo wanaoisifu pakiti ya namna hiyo wakisema inateleza kama maji; mimi naikataa. Mchezaji anahitaji karata ziachane anapotaka na zitulie anapotaka, na pakiti isiyotulia humlazimisha kubana vidole, na vidole vilivyobana haviwezi kufanya kazi ya ustadi. Cardini, msanii mzaliwa wa Wales aliyefariki 1973, alipata jina kwa kutokeza mapepeo ya karata mikono yake ikiwa ndani ya glovu nyeupe. Kitambaa juu ya karata hakikupi hisia ya kidole, na katika hali hiyo karata inayojitelezea ovyo ni hasara kamili.

Ukinunua pakiti iliyokwisha kupakwa, usilipe bei ya juu kwa sababu ya maneno ya kwenye boksi. Omba uifungue mara mbili tatu mbele ya muuzaji. Akikataa, nunua pakiti ya kawaida na upake mwenyewe.

Nawasihi wanaopaka nyumbani wasiichukulie poda hii kama poda ya kujipaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, poda za watoto zenye zinki stearati ziliwaua watoto wachanga waliozivuta zikaingia mapafuni, na madaktari wakatoa onyo. Paka mahali penye hewa, feni ikiwa imezimwa ili isilirushe vumbi, funika pua na mdomo, na kopo ulifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Mpakaji anayejaza chumba vumbi jeupe, kwa kipimo changu, ameshindwa kazi kabla pakiti haijafunguliwa.

Na pakiti uliyoipaka usiipeleke barazani kwa mchezo wa kawaida. Mgawaji atatoa karata mbili akidhani ni moja, na karata zilizochezwa zitateleza zikajifunua. Iwekee alama kwenye boksi, iwe ya mapepeo peke yake.