Nani Aliwafundisha Kusoma?

Mwaka jana kijana mmoja wa parokia yetu alirudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Mwaka wa kwanza ulikuwa umemshinda. Wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya masomo hayo, na majirani wakaanza kusema mtoto hana akili. Sisi tulimwomba atuletee silabusi zake, yaani yale makaratasi ya mafundisho ambayo mwanafunzi hununua kwa profesa. Akazileta zote. Karibu kila mstari ulikuwa umepigwa kalamu nyekundu. Tulimwuliza habari ya ukurasa mmoja, akausema wote kwa moyo bila kukosa neno. Tulipomwuliza maana yake, alinyamaza.

Akili anayo. Lakini katika miaka yote ya shule hakuna mtu aliyemwonyesha namna ya kuusoma ukurasa.

Ndiyo sababu leo tunataka kupima mbele yenu kazi ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Kazi yao tunaisifu, tena tunalo neno la kuilaumu. Chuo hicho huitwa Open University, maana yake chuo kikuu kilicho wazi. Mwaka 1963 Harold Wilson, mkuu wa chama cha Labour, alitoa shauri la chuo cha kufundisha kwa radio na televisheni. Wengi walicheka. Bibi Jennie Lee, binti wa mchimba makaa wa Scotland, alipopata uwaziri alilishika shauri hilo wala hakuliachia, hata chuo kikapewa hati yake mwaka 1969. Januari 1971 wanafunzi wapata 24,000 walianza masomo. Hawakuulizwa diploma. Walikuwamo walimu wa shule, mama wa nyumbani, na watu waliofanya kazi mchana kutwa wakafungua vitabu usiku.

Basi, fikirini shida ya maprofesa wale. Profesa wa kawaida husimama mbele ya watu, husema, halafu huenda zake, asiyeelewa atajijua. Lakini mtu anayesomea jikoni kwake, mbali na mwalimu, akikwama ukurasa wa tatu atafunga kitabu, na labda hatakifungua tena. Kwa hiyo iliwapasa kufundisha kusoma ndani ya somo lenyewe. Mwanzoni mwa kila sehemu waliandika mambo ambayo mwanafunzi atayaweza akiimaliza. Katikati ya kurasa waliweka maswali: simama hapa, jibu kwanza, kisha tazama jibu nyuma. Tena hakuna aliyeandika peke yake. Kundi zima lilikaa pamoja, na kila mmoja alisoma maandiko ya mwenzake na kumwambia palipo na giza. Tunawaza ni maprofesa wangapi wa kwetu wangekubali jambo hilo!

Katika masomo manne ya kwanza ya mwaka 1971, lile la sayansi ndilo linalotupendeza kuliko yote. Watu walisema sayansi haifundishwi kwa barua, maana inataka vyombo. Chuo kikajibu kwa kupeleka vyombo nyumbani kwa kila mwanafunzi: chupa, dawa za kupimia, na mikroskopi ndogo ya plastiki iliyoenea mkononi. Mikroskopi ya namna ile ilibuniwa na Daktari McArthur, aliyefanya kazi juu ya malaria huko Borneo na kutaka chombo cha kuchukua safarini. Mama wa nyumbani aliondoa sahani mezani, akaweka mikroskopi, akaona kwa macho yake alichosoma. Hapo ndipo tunapokumbuka vijana wetu waliomaliza shule za sayansi bila kushika mikroskopi hata siku moja, ila kuichora tu daftarini, kila sehemu na jina lake.

Somo la elimu ya jamii lilikwenda njia hiyohiyo, ingawa vyombo vyake ni maneno na hesabu za watu. Shida yake ni nyingine: kila msomaji anadhani anajua tayari maana ya jamaa, kazi na umaskini. Kumfundisha mtu ajizuie, aulize ushahidi uko wapi, ni kazi ngumu kuliko kumpa chupa.

Mwaka 1990 mwalimu mmoja wa chuo hicho, Andrew Northedge, alitoa kitabu kiitwacho The Good Study Guide. Ni kitabu kizuri. Hakianzi kwa kumkaripia msomaji eti ni mvivu. Kinakubali kwamba kusoma kunachosha na kwamba mwanafunzi huona haya. Kipo kipande juu ya kusoma na kuandika mukhtasari, kingine juu ya kusoma jedwali za hesabu bila kuogopa, kingine juu ya mitihani. Kilicho bora, kwa maoni yetu, ni kile cha uandishi: mwenye kitabu anachukua maandiko ya wanafunzi, anayaweka mbele yetu, na kutuonyesha kwa nini hili linasomeka na lile halisomeki. Mwaka 1997 kikatoka kitabu ndugu yake kwa wanafunzi wa sayansi.

Hata hivyo tuna lawama yetu. Zamani ujuzi wa kusoma ulikuwa umechanganywa na somo kama chumvi na mboga. Kisha ukatengwa: hapa kitabu cha sayansi, pale kitabu cha namna ya kusoma. Chuo kilipofungua OpenLearn mwaka 2006, masomo ya bure ambayo kila mwenye intaneti aweza kuyasoma, ujuzi wa kusoma ukawekewa masomo yake peke yake. Si vibaya kwa mtu aliye na hofu ya kuanza. Lakini tumeona hatari yake: kijana atajifunza kanuni kumi za kuandika mukhtasari, atazikariri kama alivyokariri silabusi, na ukurasa wa kemia utamshinda vilevile. Namna ya kusoma fizikia si namna ya kusoma historia. Anayeijua ni mwalimu wa fizikia, na hapaswi kumwachia mwingine kazi hiyo. Northedge mwenyewe, tukimsoma vizuri, hamfundishi mtu hewani. Daima anampa kitu cha kusoma. Wanaomfuata ndio wanaosahau.

Tena masomo hayo ya OpenLearn, karibu yote, ni kwa Kiingereza. Kijana wetu aliyesoma kwa Kifaransa atahangaika mara mbili, na bei ya intaneti itamla franka zake.

Lakini hatukutaka kumrudisha yule kijana nyumbani na sifa za Waingereza tu. Tulichukua ukurasa mmoja wa silabusi yake juu ya watu wanaohama vijijini kwenda mjini. Tukamwambia: mwanangu, funga karatasi, utueleze kama unavyomweleza bibi yako. Akaanza na maneno ya Kifaransa ya profesa, tukamzuia. Akaanza tena, akakwama. Mara ya tatu akataja mjomba wake aliyekwenda Kolwezi kutafuta kazi na kumwacha mkewe shambani. Akatuuliza: «Baba, jambo hili la mjomba ndilo wanaloliandika hapa?» Tukamwambia asome aone.

Jumapili iliyofuata alirudi na ukurasa uleule. Safari hii hakupiga mstari mwekundu hata mmoja. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: «Wake wanaobaki shambani hawakutajwa. Kwa nini?»