Lubugo Haikuumbwa Kuwambwa

Mchoraji Michael Armitage alifanya kosa moja kubwa, na alilifanya kabla hajachovya brashi kwenye rangi: aliichukua lubugo, nguo ya gome la mti, akaiwamba. Mengine yote yanayosifiwa katika picha zake, na mengi yanastahili sifa, yamekuja baada ya kosa hilo na yanalibeba mgongoni. Aliyeziona picha hizo anajua ninachosema. Vipande vya nguo ya gome vimeshonwa pamoja, vikavutwa pande nne mpaka vikakaza, vikapigiliwa kwenye fremu ya mbao, kisha rangi ya mafuta ikapakwa tabaka juu ya tabaka, ikakwanguliwa, ikapakwa tena. Wahakiki wa London wakaona vitobo na mishono, wakatangaza kwamba hapa Afrika Mashariki imeingia ndani ya uchoraji. Kilichoingia ni kanvasi yenye ugonjwa wa ngozi.

Ili kosa lionekane kwa ukubwa wake, lazima tuanzie kwenye mti. Lubugo hutoka kwenye mutuba, jamii ya mtini unaostawi katika migomba ya Buganda. Gome huchunwa msimu wa mvua, shina hufungwa majani ya mgomba lipone na kuota gome jipya, na gome lililochunwa huenda bandani kupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana, kisha myembamba zaidi, mpaka nyuzi zilegee na kutanuka. Halafu jua ndilo linaloipa rangi ile ya udongo wa kuchoma. Kila pigo la nyundo lina shabaha moja, gome lisahau kuwa gome, lilainike, likunjike, lianguke. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005 na kuiingiza rasmi kwenye orodha yake mwaka 2008, lakini haikuhitaji UNESCO kujulikana. Nguo hiyo ilifungwa begani, ilivaliwa kwenye kutawazwa, na hadi leo humfunga maiti. Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, lubugo ndiyo pazia linalotenga eneo la walio hai na msitu wa wafalme. Kufunga, kukunja, kuvika, kutundika: katika matendo hayo yote hakuna linaloitaka nguo ikaze. Ukiikaza umetengua kazi ya nyundo, umeirudisha kwenye shina.

Sasa tuitazame picha ambayo kosa hili linauma kuliko zote, #mydressmychoice ya mwaka 2015. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke hadharani jijini Nairobi kwa madai kwamba alivaa vibaya, na wanawake wakaandamana wakiwa na maneno yaliyokuja kuwa jina la picha. Armitage akamlaza mwanamke uchi, mgongo ukitukabili, katika mkao ambao Velázquez alimlazia Venus wake, na miguu ya wanaume ikasimama kando yake. Kama mpangilio, ni kazi ya akili sana: mtazamaji anayejongea kutazama anakamilisha duara la waliomvua. Lakini fikiria mchoraji alikuwa na nini mikononi. Habari nzima ni ya nguo, nguo iliyovaliwa, ikahukumiwa, ikachanwa. Na yeye ameshika nguo halisi, tena si nguo yoyote, ni ile ambayo Waganda humsitiri nayo mtu pale anapokuwa hawezi tena kujisitiri mwenyewe. Fursa kama hiyo humjia mchoraji mara moja maishani. Angeweza kuiacha ining'inie mbele ya mwili, ikunjwe juu yake, ianguke upande mmoja, angalau pindo moja liachwe huru lipepee mtu anapopita. Badala yake aliivuta mpaka ikawa ukuta. Kitu pekee ukumbini chenye uwezo wa kumpa mwanamke yule sitara kikageuzwa sakafu ya kumlazia uchi.

Mtetezi wake atasema kwamba hiyo ndiyo kejeli yenyewe: amelazwa juu ya sanda, na sanda haimfuniki. Ingekuwa kejeli kama jicho lingeiona. Ondoa kibao cha maelezo kilichobandikwa pembeni, umwache mtazamaji peke yake na picha. Anaona matuta, anaona mshono, anaona kitobo kilichoangukia mahali pasipotarajiwa, na kwa hayo anaweza kukisia gunia, ngozi, hata karatasi mbovu. Nguo haioni, kwa sababu nguo tunaitambua kwa jinsi inavyoanguka, na hii imekatazwa kuanguka. Kejeli inayosubiri kibao iseme ni kejeli ya aliyeandika kibao. Uchoraji unadaiwa zaidi ya hapo.

Kuna utetezi mzito zaidi, na sitaki kuukwepa. Inasemekana Armitage hakutafuta nguo, alitafuta ugomvi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea Slade na baadaye shule za Royal Academy, akabebeshwa Titian, Goya na Gauguin wote kwa pamoja, na alipoikuta lubugo katika soko la watalii Nairobi akaona amepata kitu cha kuwatibulia wazee hao. Fremu ni ya kwao, gome ni la kwetu, na picha ni pale vinapogongana. Hoja hiyo ni nzuri mezani. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa mwamba ni fremu. Pembe zake nne za mraba ndizo zinazoamua ukingo uko wapi, mtazamaji asimame wapi, picha iingie kwenye sanduku gani la ndege na itundikwe kwenye ukuta gani. Gome limeachiwa kupinga kwa vitobo tu, kama mtu aliyefungwa mikono na miguu akaruhusiwa kukohoa. Ugomvi ambao upande mmoja umefungwa kamba tangu mwanzo si ugomvi. Ipo picha moja ambayo ninamkubalia: The Flaying of Marsyas ya mwaka 2017, inayomjibu Titian. Pale kisa ni cha kiumbe anayechunwa ngozi, na gome lililochunwa kwenye mti na kuwambwa lina sababu ya kuwa vile. Kuwamba kumekuwa sehemu ya ukatili unaosimuliwa. Tatizo ni kwamba uwambaji huohuo, kwa mkazo uleule, umetumika kwenye mikoko, kwenye ngoma ya baikoko, kwenye mikutano ya kampeni za mwaka 2017. Uamuzi uliostahili picha moja umegeuzwa kuwa mazoea.

Wenye ufundi nao wana lao: rangi ya mafuta haiwezi kukaa juu ya kitu kinachopepea, itapasuka. Ni kweli tupu. Mafuta ya kitani hukauka yakawa magumu, na ugumu huo hauvumilii mikunjo. Tena mafuta hayo yakigusana na nyuzi za mmea bila kinga huzila polepole, ndiyo maana wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi wamekuwa wakiiziba kanvasi kwa gundi kabla ya kupaka. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia Armitage. Aliyechagua mafuta amekwisha kuchagua kuziba, aliyeziba amekwisha kuchagua kukaza, na aliyekaza hana tena haja ya lubugo. Angeweza kupata matuta yale kwenye jute. Kitobo nacho ni adui yake binafsi, maana nguo iliyovutwa hulundika mkazo wote kwenye kingo za kitobo, wakati iliyotundikwa hukiacha kitobo kiwe kitobo. Uamuzi wa kwanza ulikuwa mafuta, na ukaburuta mwingine, na mwingine. Mbona lisijaribiwe lingine, rangi nyepesi ya kunyweshwa kwenye nyuzi, rangi ya udongo, uzi na sindano?

Maana lingine limeshajaribiwa, na hapohapo Uganda. Msanii Sanaa Gateja hukunja karatasi zilizotupwa zikawa shanga, akazishona kwenye lubugo kwa wingi usiohesabika, na nguo ikabaki nguo. Inaning'inia, ina uzito wake, inavutwa chini na shanga zake, na mwanga ukibadilika nayo inabadilika. Hakuna aliyehitaji kibao kumwambia ile ni nguo. Sisi watu wa pwani somo hili tulipaswa kulijua bila kufundishwa na yeyote. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiiwamba kwenye fremu jina litasomeka vizuri kuliko linavyosomeka kiunoni, na fumbo lake litakuwa limekufa, kwa sababu lilitungwa lisomwe likiwa linatembea, nusu limefichwa na mkunjo, na jirani anayesemwa akikaza macho. Armitage mwenyewe ana picha ya mwaka 2016 iitwayo Baikoko at the mouth of the Mwachema River, inayohusu ngoma ambayo roho yake ni kiuno na nguo iliyofungwa kiunoni. Akaichora juu ya nguo isiyoweza kutikisika.

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza kuhusu wazee wetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na shule ya sanaa nyuma yake. Alichukua ubao wa dari na rangi ya kung'arisha baiskeli, vitu viwili vigumu, vikavu, vya bei ya chini, na akachora wanyama wagumu, wenye kung'aa, waliokatwa kwa mstari mmoja. Alichochorea na alichokichora vilikuwa na tabia moja. (Walipokuja wafuasi wakahamia kanvasi ili watalii wakunje picha na kutia begini, ubao ukaondoka na nusu ya maana ikaondoka nao, lakini hayo nimekwisha kuyalalamikia na nitayalalamikia tena.) Elimo Njau, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipewa ukuta wa kanisa la ukumbusho Murang'a akauchukua kama ukuta. Yesu Mwafrika, milima ya Wakikuyu, mateso na karamu, vyote vimekaa pale ambapo waumini wanakaa, katika mwanga wa jengo lilelile lililojengwa kuwakumbuka waliokufa. Hakubeba ukuta kwenda kuutundika kwenye ukuta mwingine. Huyu ni mmoja wa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, na aliwaonya vijana kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kitu kikinakiliwa hata mkao wake wa kukaa, mkao wa fremu, nadhani usingizi huo unakuwa mzito.

Na Armitage anamjua Njau vizuri, hilo ndilo linalotatiza. Maonyesho yake ya Paradise Edict yalipofika Royal Academy mwaka 2021 alileta ukumbini kazi za Njau, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Meek Gichugu na Sane Wadu, na Nairobi ameanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI. Amefanya mengi kuliko waliowahi kutuwakilisha kwenye maonyesho ya Venice, ambako mwaka 2015 banda la Kenya lilijaa Wachina mpaka serikali yenyewe ikalikana. Rangi zake ni za mtu mwenye jicho. Haya, tuendelee.

Wapo watakaodhani ninatetea utakatifu wa lubugo, kwamba Mkenya ameichezea sanda ya Waganda. Hapana. Waganda wenyewe wanaishona kofia, mikoba na vitambaa vya meza, na hakuna kabaka aliyefufuka kulalamika. Kitambaa cha meza kwa kweli kina heshima zaidi kwa nguo kuliko fremu, kwa kuwa kinalala juu ya meza na kuning'inia pembeni kama nguo inavyotaka. Ninachotetea ni ufundi. Malighafi ina maarifa ndani yake, yamepigwa humo kwa nyundo na mtu aliyejifunza kwa baba yake, na mchoraji anayeichukua bila kuyachukua maarifa hayo amenunua ganda. Mtu huyo hatajwi. Kibao kinaandika jina la Armitage, mwaka, vipimo, na maneno rangi ya mafuta juu ya lubugo, kana kwamba lubugo ilianguka yenyewe mtini ikiwa imeshalainika. Mtengenezaji wa fremu hatajwi pia, lakini yeye angalau kazi yake inaonekana mpaka mwisho. Ya mpigaji gome imemezwa.

Isipokuwa upande mmoja. Nyuma ya picha hizo, ambako brashi haina sababu ya kupita, nyuzi bado zina rangi ya udongo wa kuchoma iliyotiwa na jua, na mifuo ya nyundo ya mwisho, ile myembamba, bado ingesomeka kwa kidole. Upande huo ndio ulioelekezwa ukutani.